Waya za Meno, Kiungo cha Taya na Pumzi ya Usiku: Wazazi Wajue Nini?

Kwa muda sasa, kila baada ya darsa la akina mama, kamati ya msikiti wetu imekuwa ikipokea swali moja lenye sura nyingi. Mzazi mmoja anauliza kama ni kweli kwamba binti yake akifungwa waya za meno, kiungo cha taya kitaharibika na atabaki na maumivu ya kichwa maisha yake yote. Mwingine ameambiwa kinyume cha hayo: kwamba mwanawe anayekoroma atapona iwapo atavalishwa chombo cha kupanua taya, na kwamba akicheleweshwa atakuja kuugua moyo. Wa tatu ameona kwenye simu watu wanaodai kuwa meno waliyong'olewa ili mengine yapangike yamewabana njia ya hewa. Wazazi hawa wanaishi Mbagala, Tandika na Mwananyamala, na fedha wanazokusudia kuzitoa ni ada ya shule, ni mtaji wa genge, ni kiwanja ambacho hakijamaliziwa malipo.

Sisi si matabibu. Lakini tumeamrishwa kuwauliza wenye ujuzi katika yale tusiyoyajua, na hilo ndilo tulilojaribu kufanya, kwa kusoma na kwa kuuliza. Tunayaandika hapa yale ambayo wenye fani wanayakubali, na tunawaomba wazazi wayasome kabla hawajatia saini karatasi yoyote.

Tuanze na hali ilivyo katika wilaya zetu wenyewe. Mwaka 2009 jarida la madaktari wa kupanga meno barani Ulaya lilichapisha utafiti wa Dkt. Matilda Mtaya na wenzake, uliofanywa kwa wanafunzi 1,601 wa shule za msingi, wenye umri wa miaka 12 hadi 14, katika wilaya za Kinondoni na Temeke, wakati ambapo Ubungo na Kigamboni zilikuwa bado hazijatengwa kuwa wilaya zinazojitegemea. Watafiti walikuta kwamba asilimia 63.8 ya watoto hao walikuwa na angalau kasoro moja katika mpangilio wa meno. Iliyoonekana zaidi ilikuwa mstari wa katikati wa meno ya juu kutolingana na ule wa chini, asilimia 22.5. Iliyofuata ilikuwa nafasi za milimita 2 au zaidi baina ya meno, asilimia 21.9. Asilimia 16.1 walikuwa na meno ya mbele yasiyokutana hata mdomo ukifungwa, hali ambayo madaktari huiita uwazi wa mbele.

Msomaji asishtuke kwa kuona hesabu hiyo akadhani kwamba thuluthi mbili ya watoto wetu ni wagonjwa. Kasoro nyingi kati ya hizo ni ndogo, na nafasi baina ya meno ya mbele, ambayo sisi huita mwanya, imekuwa pambo katika pwani hii tangu zamani. Kilichotugusa zaidi ni jambo jingine ndani ya utafiti huo: watoto wenye meno yaliyooza walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kasoro za mpangilio, na uwazi wa mbele ulionekana zaidi katika wilaya yenye kipato cha chini. Maana yake ni kwamba sehemu ya tatizo haikuandikwa katika maumbile ya mtoto. Inaingia kwa mlango wa nyumba.

Namna inavyoingia si ngumu kuifahamu. Jino la utotoni hushikilia nafasi ya jino la ukubwani linalokua chini yake. Gego la utotoni likioza na kung'olewa mtoto akiwa na miaka sita au saba, meno ya jirani husogea na kuila nafasi hiyo. Jino la ukubwani linapofika halina mahali pa kukaa, hivyo hupanda juu ya mwenzake au hujitokeza pembeni. Wazazi wengi husema, "Hayo ni ya utotoni, yataanguka tu." Ni kweli yataanguka, lakini kila moja lina wakati wake, na kuliziba jino lililotoboka ni nafuu mno kuliko kuja kuyapanga meno yote baadaye. Kunyonya kidole kwa miaka mingi nako huyasukuma meno ya mbele na kuyaachia uwazi. Mtoto akiacha mapema, mara nyingi meno hurudi yenyewe.

Hatuwezi kupita hapa bila kuitaja desturi ambayo imekuwa ikiripotiwa nchini kwetu tangu miaka ya 1980: kuwang'oa watoto wachanga kile kinachoitwa "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni". Mtoto anaharisha au ana homa, fizi zake zimevimba kidogo mahali pa chonge, kisha anatokea mtu na kisu au sindano kuchimba humo na kutoa kitu cheupe. Kitu hicho si plastiki wala nailoni. Ni chonge ya utotoni ambayo haijakomaa. Mtoto huweza kufa kwa kutokwa damu au kwa maambukizi, na anayenusurika huweza kukosa hata chonge za ukubwani, kwa kuwa chembe yake iko papo hapo chini. Ndugu yake ni ile ada ya kukata kimeo kwa mtoto mwenye kikohozi kisichokoma. Kimeo hakina hatia, na kukikata hakufungui njia ya hewa.

Sasa tuje katika kiungo cha taya. Weka kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, kisha fungua mdomo. Utahisi kitu kikisogea. Hicho ndicho kiungo chenyewe. Kiko kimoja kila upande, na baina ya mifupa yake miwili kuna kisahani cha gegedu. Tofauti na goti, ambalo kazi yake kubwa ni kukunja na kukunjua, kiungo hiki huzunguka na pia huteleza mbele na nyuma. Kwa sababu hiyo watu wengi, tena wazima kabisa, husikia mlio wa "ta" wanapopiga mwayo. Mlio peke yake, usio na maumivu wala kukwama kwa taya, hauhitaji tiba. Kinachohitaji daktari ni maumivu, taya kukwama, au mdomo kukataa kufunguka.

Hofu kwamba waya za meno huharibu kiungo hiki ina historia yake. Mwaka 1987, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, mahakama ilimpa ushindi binti aliyedai kwamba matibabu ya kupangwa meno, yaliyohusisha kung'olewa meno mawili ya juu, ndiyo yaliyomletea maradhi ya kiungo cha taya. Kesi hiyo iliwatikisa madaktari wa fani hiyo, wakafadhili tafiti nyingi ili kulijua jambo hilo kwa yakini. Waliofuatiliwa kwa miaka, waliofungwa waya na wasiofungwa, waliong'olewa meno na wasiong'olewa, hawakutofautiana kwa maana yoyote katika maradhi ya kiungo hicho. Rai ya jumla ya wenye fani hadi leo ni kwamba kupanga meno hakusababishi maradhi ya kiungo cha taya, wala hakuyatibu, wala hakuyakingi.

Mbona basi wapo wanaoanza kuumwa wakiwa na waya mdomoni? Kwa sababu umri wa kufungwa waya na umri ambao maumivu ya taya huanza kujitokeza hukutana. Maradhi haya huwapata zaidi vijana na watu wa makamo, na wanawake kuliko wanaume. Mambo mawili yanapotokea kwa wakati mmoja, nafsi huyaunganisha. Sababu ambazo madaktari huzitaja ni kusaga meno usingizini, kuyakaza mchana kwa wasiwasi na fikra nyingi, kuumia, na baridi yabisi ya viungo. Tiba yake ya mwanzo ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani: chakula laini kwa siku kadhaa, kitambaa cha maji ya moto shavuni, kuacha kutafuna ubani wa kutafunwa na miwa, na kuuzuia mwayo usipanuke mno. Adabu tuliyofunzwa na Mtume wetu (s.a.w.) ya kuuzuia mwayo na kuweka mkono mdomoni, mtu mwenye taya linaloteguka ataiona faida yake mara moja. Yeyote atakayekuambia kwamba maumivu ya taya yataondoka kwa kufungwa waya peke yake, muulize analitoa wapi neno hilo.

Lipo, hata hivyo, tatizo moja la kiungo cha taya ambalo linahusiana moja kwa moja na pumzi ya mtoto, nalo halizungumzwi kwa sababu halina matangazo. Mtoto anaanguka kutoka mwembeni, au anarushwa na bodaboda, anapiga kidevu chini. Kidevu kinashonwa, jeraha linapona, kila mtu anashukuru. Lakini pigo la kidevu husafiri hadi kwenye kiungo, mfupa unaweza kupasuka kule juu, damu ikavilia, na kadiri miezi inavyopita kiungo kikaganda na kuwa mfupa mmoja. Usaha wa sikio usiotibiwa nao huweza kufika pale na kuleta matokeo hayo hayo. Mtoto anaanza kula kwa shida, kisha anakula uji tu, kisha mswaki hauingii. Taya lililoganda utotoni halikui. Kidevu hubaki nyuma, ulimi hukosa nafasi, na usiku, misuli inapolegea, ulimi huo huiangukia njia ya hewa. Wapo watoto wa namna hii wanaolala wamekaa kwa kuogopa kukosa pumzi, na watu wa nyumbani hudhani ni mapepo.

Kipimo chake cha nyumbani hakina gharama. Mtoto aliyepiga kidevu atakiwe, kila baada ya siku chache, kufungua mdomo na kuingiza vidole vyake mwenyewe vitatu vya katikati, vikiwa vimesimama kimoja juu ya kingine, baina ya meno ya juu na ya chini. Vikiingia, alhamdulillahi. Kama jana viliingia vitatu na leo vinaingia viwili, asingojewe. Apelekwe hospitali apigwe picha. Mazoezi ya mapema ya kufungua mdomo, chini ya uangalizi wa daktari, huweza kukiokoa kiungo. Kikishaganda, tiba ni upasuaji mkubwa, na daktari wa usingizi hupata taabu kupitisha mpira wa hewa katika mdomo usiofunguka. Tungetamani jambo hili lifahamike kwa kila mama katika mitaa yetu kabla ya hilo la waya.

Ama kukoroma, kwetu sisi huchukuliwa kuwa ni alama ya usingizi mzito na mnono. Kwa mtoto sivyo. Mtoto anayekoroma usiku mwingi katika juma, anayelala mdomo wazi, anayetokwa jasho kichwani, anayegeuka na kukunja shingo nyuma kutafuta hewa, na ambaye mara pumzi yake hukatika kisha huirudia kwa kushtuka, huyo usingizi wake haujakamilika. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2012, wanakadiria kuwa kiasi cha mtoto 1 hadi 5 katika kila 100 wana tatizo la njia ya hewa kuziba usingizini. Mchana mtoto huyo ama husinzia, ama huwa mtundu asiyetulia. Wengine huendelea kukojoa kitandani baada ya umri wake kupita. Katika madrasa moja tunayoifahamu alikuwapo kijana wa miaka minane aliyekuwa akichapwa kwa kusinzia juu ya msahafu, mpaka bibi yake alipomwambia maalimu kwamba mtoto huyo usiku hulia kama anayekabwa. Alikuwa na nyama za pua. Walimu wetu wa madrasa na walifahamu hili, kwa sababu wao huwaona watoto saa ambayo wazazi hawapo.

Sababu kubwa kwa watoto ni hizo nyama za pua pamoja na mafindofindo yaliyokuwa makubwa, nao ni mlango wa daktari wa masikio, pua na koo, kabla ya daktari wa meno. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 uliwagawa kwa kura watoto 464 wenye umri wa miaka 5 hadi 9 waliokuwa na tatizo hili. Baada ya miezi 7, asilimia 79 ya waliofanyiwa upasuaji walikuwa na kipimo cha usingizi cha kawaida, na miongoni mwa walioangaliwa tu bila upasuaji ni asilimia 46. Hesabu hiyo ina mafunzo mawili: upasuaji husaidia sana, na wapo pia ambao hupona kwa kukua, kwa hiyo si kila koo la kukimbiliwa na kisu. Pua zinazoziba kwa mzio hutulizwa kwa dawa, na kwa kupunguza moshi chumbani. Dawa ya mbu ya kuchoma, jiko la mkaa lililosogezwa mlangoni, na hata udi wetu tuupendao, vyote ni moshi kwa pua ya mtoto huyu.

Hapa ndipo meno yanapoingia, na lazima tuwe waangalifu. Mtoto anayepumua kwa mdomo kwa miaka hukaa na ulimi umelala chini badala ya kugusa kaakaa. Tangu mwaka 1970 mtafiti wa Sweden, Sten Linder-Aronson, alionyesha kuwa watoto wenye nyama za pua kubwa huelekea kuwa na uso mrefu, kaakaa jembamba na taya la chini lililorudi nyuma. Kwa mtoto ambaye kaakaa lake kweli ni jembamba, kipo chombo cha kulipanua: hubandikwa kwenye magego ya juu na huzungushwa kidogo kidogo kwa ufunguo, mpaka mshono wa mfupa katikati ya kaakaa ufunguke. Si jambo geni. Daktari Emerson Angell wa San Francisco aliliandika mwaka 1860. Kwa kuwa kaakaa ndilo sakafu ya pua, likipanuka pua nayo hupata nafasi, na baadhi ya watoto hupumua vyema zaidi. Mshono huo hushikamana kadiri ujana unavyosonga, ndiyo maana kwa mtu mzima kazi hiyo ni ngumu na huenda ikahitaji upasuaji.

Lakini kutoka "baadhi hufaidika" hadi "kila anayekoroma apanuliwe taya" ni mwendo mrefu, na wenye biashara huukata kwa hatua moja. Chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani, katika tamko lake la mwaka 2019, kilisema wazi kwamba ugonjwa wa kukosa pumzi usingizini hubainishwa na tabibu kwa kipimo cha usingizi. Kazi ya daktari wa kupanga meno ni kuzishuku dalili, kumpeleka mgonjwa panapostahili, na kushirikiana katika tiba. Kikasema pia kuwa kumpanua taya mtoto asiye na kaakaa jembamba, kwa kutaraji kumkinga na kukoroma, hakuna msingi. Kuhusu meno kung'olewa, kumbukumbu za matibabu za watu zaidi ya 5,500 zilichunguzwa huko Marekani na kuchapishwa mwaka 2015. Waliopungukiwa na magego madogo manne, dalili ya kuwa waling'olewa ili meno yapangwe, waliougua kukosa pumzi usingizini walikuwa asilimia 10.7, wasiopungukiwa, asilimia 9.6. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba baada ya kuzingatia umri na unene haikuhesabiwa kuwa kitu.

Kwa watu wazima, hasa wanaume wenye miili mikubwa, kukoroma kwa kukatika pumzi huambatana na shinikizo la damu na kusinzia mchana, na dereva wa daladala mwenye hali hiyo ni hatari kwa abiria wake. Mashine ya kusukuma hewa puani, aliyoibuni Colin Sullivan wa Sydney mwaka 1981, ndiyo tiba yenye nguvu zaidi. Kuna pia chombo cha mdomoni kinacholivuta taya la chini mbele wakati wa kulala. Hicho husaidia wenye tatizo la wastani, lakini chenyewe huweza kukichosha kiungo cha taya na kubadili mkutano wa meno, kwa hiyo kipimwe na daktari, kisiagizwe kwa picha.

Wapo waliotuuliza kama kupanga meno ni kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Katazo lililopokewa linahusu kuchonga meno ili kuweka mwanya kwa ajili ya urembo, na Imam Nawawi ameeleza kwamba likifanywa kwa matibabu au kwa kasoro katika jino, hapana ubaya. Aidha, Mtume (s.a.w.) alimruhusu sahaba Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua yake vitani, kuvaa pua ya dhahabu baada ya ile ya fedha kumletea harufu. Mtoto asiyeweza kukata tonge kwa meno ya mbele, au anayefunika mdomo kwa mkono kila anapocheka, si mtafuta urembo. Waya zilizogandishwa hazizuii wudhu wala josho. Maji yapite yanapofika.

Anayetaka kuanza, aanze karibu. Hospitali za rufaa za mkoa za Temeke na Mwananyamala zina madaktari wa kinywa na meno, na penye haja huandika rufaa kwenda Muhimbili, ambako zipo huduma za bingwa wa kupanga meno, wapasuaji wa taya na madaktari wa masikio, pua na koo. Usiku mmoja kabla ya kwenda, mrekodi mtoto kwa simu akiwa amelala, dakika mbili tatu, kifua na mdomo vionekane. Picha hiyo humwambia daktari mengi kuliko maelezo. Mbele ya daktari wa waya, uliza mambo haya: Ni kasoro gani hasa unayoitibu? Nini kitatokea tukiacha? Itachukua miezi mingapi, na gharama hiyo inajumuisha nini? Epukeni wanaobandika waya za pambo nje ya hospitali. Thailand na Malaysia zimelazimika kupambana na biashara hiyo baada ya vijana kuumia fizi na kupata maambukizi.

Ulizeni pia kuhusu kile kibao cha kuvaa baada ya waya kutolewa. Meno yaliyosogezwa hutamani kurudi yalikotoka, na mtoto asipokivaa kama alivyoagizwa, hasa usiku, ndani ya mwaka mmoja kazi ya miaka miwili huanza kuharibika. Mwezi wa Ramadhani hauna udhuru katika hilo: kibao kikavu si chakula wala kinywaji, na kwa kuwa huvaliwa usiku, kioshwe kwa maji ya baridi baada ya daku.